Biashara imekua: nichukue programu ya uhasibu peke yake, au mfumo unaounganisha uhasibu, ghala na mauzo?

Msambazaji (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninamiliki biashara ya kuuza pampu za maji, mabomba na viungio vyake, kwa jumla na kwa rejareja. Tulianza tukiwa watu watatu katika duka moja. Leo tuko kumi na tisa, tuna maduka matatu na ghala kuu moja, na aina za bidhaa zimefika takriban 2,300, kwa kuwa kiungio kimoja huja kwa vipimo saba au vinane na kila kipimo huhesabiwa kama bidhaa inayojitegemea. Hesabu zetu zote tunaziweka katika lahajedwali: kila duka lina faili lake la mauzo, mtunza ghala ana faili la bidhaa zinazoingia na kutoka, na mhasibu wetu huyakusanya yote mwishoni mwa mwezi ili aandae taarifa ya faida na hasara.

Utaratibu huu ulitutosha kwa miaka minne, lakini sasa umeelemewa. Taarifa ya mwezi hunifikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata au baada ya hapo, wakati ambapo uamuzi niliotaka kuufanya umekwisha kupitwa. Tulipohesabu mali kwa mikono mwishoni mwa mwaka, pampu za aina moja zilikuwa 31 kwenye faili na 22 kwenye rafu, na hata baada ya siku mbili nzima hatukuweza kusema kama zile tisa ziliibwa, ziliuzwa bila kuandikwa, au zilipelekwa duka jingine bila hati. Jambo hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mtunza ghala wetu ni mtu mwaminifu, nami sikuwa na karatasi hata moja ya kumtetea.

Nimepewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza unasema ninunue programu ya uhasibu tu, ile ambayo wahasibu wengi wameizoea, na ghala liendelee na lahajedwali kwa mwaka mmoja au miwili. Wa pili unasema nichukue mara moja mfumo unganishi, ule ambao wengi huuita ERP, wenye uhasibu, ghala, manunuzi, mauzo na mishahara mahali pamoja. Wauzaji wa pande zote mbili wamenionyesha bidhaa zao, na katika maonyesho hayo kila kitu kilifanya kazi bila dosari, jambo ambalo limeniacha sijui zaidi ya nilivyojua mwanzo. Ninaomba ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii: nianzie wapi, nipime kwa vigezo gani, na ni makosa gani yasiyoonekana mpaka mtu awe amekwisha kulipa?

Mhasibu Mkongwe

Ndugu Msambazaji, pole kwa usumbufu na hongera kwa kukua. Naomba nianze na zile pampu tisa, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini wewe daftari unalo, tena unayo manne. Mali katika biashara ya aina yako hupotea pale inapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine: gari la msambazaji linaposhusha mzigo, ghala linapotoa bidhaa kwenda dukani, mteja anaporudisha kitu kibovu. Kila mmoja wa watu hao wawili huandika upande wake katika faili lake, kwa wakati wake na kwa jina la bidhaa alilolizoea, na hakuna mtu anayeyalinganisha mafaili hayo mpaka mwezi uishe. Programu ya uhasibu peke yake haitaligusa tatizo hilo. Itapokea jumla ya mauzo na jumla ya manunuzi, itakupa taarifa nadhifu, na pampu tisa zitaendelea kutojulikana zilipo.

Kwa biashara ya huduma, mathalani ofisi ya mawakili au ya wasanifu majengo, uhasibu peke yake hutosha kwa muda mrefu. Kwa biashara yenye bidhaa 2,300 katika sehemu nne, mali iliyoko rafuni huenda ndiyo kiasi kikubwa kuliko vyote katika mizania yako (taarifa ya mali na madeni ya biashara), na haifai kutunzwa nje ya leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu. Kwa hiyo mimi niko upande wa wale wanaokushauri kuunganisha, ila kwa mipaka: uhasibu, ghala, manunuzi na mauzo viingie pamoja, na mishahara isubiri. Mishahara ya watu kumi na tisa inaweza kuandaliwa pembeni kwa mwaka mzima na kuingizwa kwenye leja kwa ingizo moja la mwezi bila madhara yoyote.

Sasa kuhusu vigezo. Cha kwanza, muulize muuzaji akuonyeshe uhamisho wa bidhaa kutoka ghalani kwenda dukani kwa hatua mbili. Ghala linatoa pampu kumi, na kuanzia hapo pampu hizo hazihesabiki ghalani wala dukani, bali katika sehemu ya kati inayoitwa "njiani". Duka likipokea tisa, ile moja inabaki njiani, na kesho yake asubuhi inaonekana kwenye ripoti pamoja na jina la aliyetoa na la aliyepokea. Mfumo unaohamisha bidhaa kwa hatua moja tu, yaani ghala linapungua na duka linaongezeka papo hapo, utakurudisha pale pale ulipo sasa.

Cha pili ni gharama ya bidhaa iliyouzwa, na hapa naomba mnivumilie kwa mfano wa tarakimu. Chukulia umenunua pampu 40 kwa 500 kila moja, kisha ukanunua nyingine 60 kwa 600, halafu ukauza 50. Kwa njia ya FIFO, yaani ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, gharama ya hizo 50 ni 40 za mwanzo kwa 500 na 10 kwa 600, jumla 26,000. Kwa njia ya wastani, pampu zote 100 ziligharimu 56,000, kila moja inakuwa 560, na gharama ya 50 ni 28,000. Mauzo ni yale yale, pampu ni zile zile, lakini faida imetofautiana kwa 2,000. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinaruhusu njia zote mbili kwa bidhaa zinazofanana, na toleo lake lililoanza kutumika mwaka 2005 liliiondoa njia ya LIFO, yaani ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, ingawa kanuni za Marekani bado zinaikubali. Muhimu kwako ni kwamba njia huchaguliwa siku ya kwanza, na katika mifumo mingi kuibadilisha baada ya maingizo kuanza ni kazi nzito. Msimikaji asikuchagulie kimya kimya. Muite mhasibu wako siku hiyo.

Cha tatu ni gharama za kufikisha mzigo. Usafiri, bima na ushuru ni sehemu ya gharama ya bidhaa, lakini ankara ya msafirishaji aghalabu hufika wiki mbili baada ya mzigo. Mpe muuzaji mtihani huu: pampu 100 zimepokelewa, 60 zimeuzwa, ndipo inafika ankara ya usafiri ya 3,000. Mfumo uliojengwa vizuri utapeleka 1,200 kwenye thamani ya pampu 40 zilizobaki na 1,800 kwenye gharama ya zilizouzwa. Mfumo dhaifu utaiweka 3,000 yote kwenye matumizi ya mwezi, nawe utaamini kwamba pampu zako zina faida kubwa kuliko ilivyo kweli, na pengine utashusha bei kwa imani hiyo.

Fundi Mifumo

Naunga mkono yaliyosemwa na Mhasibu Mkongwe. Niseme wazi kwanza kwamba kazi yangu ni kusimika mifumo hii, hivyo yapimeni maneno yangu mkijua hilo.

Programu zilizopo sokoni zilizaliwa katika nyumba tofauti, na asili hiyo haifichiki. QuickBooks na Xero zilizaliwa katika uhasibu wa biashara ndogo, kwa hiyo ankara, ulinganishi wa taarifa za benki na ripoti za fedha zimekaa vizuri sana, ilhali upande wa ghala ni mwepesi zaidi na hupewa nguvu kwa kuunganisha programu nyingine pembeni. Xero hupatikana kwa intaneti pekee. Sage ni jina la familia ya bidhaa nyingi zenye uwezo tofauti kabisa, hivyo mtu akikwambia "tumia Sage" mwulize ni ipi. Business Central ya Microsoft inatokana na Navision, programu ya Denmark ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2002. Ni imara kwa ghala na uzalishaji, lakini haisimikwi bila mtaalamu.

Kisha kuna Odoo na ERPNext, ambazo kwa ukubwa wa biashara yako nadhani zinastahili kuangaliwa kwa makini. Odoo ilianza Ubelgiji mwaka 2005 ikiitwa TinyERP, ikawa OpenERP, na ikapata jina la sasa mwaka 2014. Ina matoleo mawili, la jamii lisilolipiwa leseni na la kulipia, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa: katika toleo la jamii utapata ankara na malipo, lakini moduli kamili ya uhasibu imo katika toleo la kulipia. Nimewahi kuitwa mara kadhaa na watu waliokwisha kusimika toleo la bure, wakaingiza bidhaa zote, ndipo mhasibu akauliza mizania iko wapi. ERPNext, iliyotengenezwa India, ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, chini ya leseni ya GPL, na uhasibu wake umo ndani pamoja na ghala. Kutolipia leseni hakumaanishi kutokuwa na gharama, kwa sababu seva, nakala rudufu, masasisho na mtu wa kupigiwa simu saa mbili usiku vitalipiwa na mtu, na mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo linganisha gharama ya miaka mitatu, usilinganishe bei ya mwezi wa kwanza. Weka ndani yake leseni ya kila mtumiaji kwa idadi utakayokuwa nayo mwaka wa tatu, usimikaji, kusafisha data, mafunzo, na hasa marekebisho maalumu. Kila unapomwambia msimikaji "tubadilishie hapa ifanane na fomu yetu ya zamani", unanunua deni, kwa maana rekebisho hilo litabidi lijaribiwe na pengine liandikwe upya kila mfumo unapopandishwa toleo. Odoo, kwa mfano, hutoa toleo kuu jipya kila mwaka na huhudumia matoleo matatu ya karibuni. Ushauri wangu kwa wateja ni kwamba mwaka wa kwanza wabadilishe fomu zao zifuate mfumo, kisha mwaka wa pili waombe marekebisho mawili au matatu ambayo wameyakosa kweli.

Jambo la mwisho, ambalo wauzaji hatupendi kuulizwa: utatokaje? Mwaka 2024 Intuit, kampuni yenye QuickBooks, iliacha kuwauzia wateja wapya nchini Marekani usajili wa matoleo kadhaa ya programu hiyo ya kusimikwa kwenye kompyuta, ikawaelekeza kwenye toleo la intaneti. Hata kampuni kubwa hubadili mwelekeo, na wewe huna sauti katika uamuzi huo. Kabla ya kusaini, omba mbele yako itolewe leja yote ya kampuni ya majaribio katika faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingine zinaweza kulisoma), yenye tarehe, namba ya hati, akaunti, debiti, krediti na maelezo, pamoja na ankara moja moja ambazo hazijalipwa na viambatisho vyake. Ukipewa PDF, hujapewa data. Umepewa picha ya data.

Jirani wa Daftari

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Lahajedwali lenyewe halijawahi kumwibia mtu pampu. Kama kila uhamisho ungekuwa na hati yenye namba na saini mbili, hata kwa karatasi, pampu hizo zingejulikana zilipo. Ninahofia kwamba biashara isiyo na nidhamu ya hati itanunua mfumo wa gharama kubwa na kuingiza ndani yake vurugu ile ile. Tengenezeni hati kwanza, miezi mitatu, ndipo mnunue.

Mhasibu Mkongwe

Jirani, nusu ya kwanza ya hoja yako ni sahihi kabisa na ninamwomba mwuliza swali aifanyie kazi kuanzia wiki hii, kwa sababu kitabu cha hati za uhamisho chenye namba zilizochapwa hakihitaji kusubiri programu yoyote.

Nusu ya pili sikubaliani nayo. Lahajedwali lina hatari ya namna yake: linakosea kimya kimya. Mwaka 2020 nchini Uingereza karibu matokeo 16,000 ya vipimo vya korona yalikosa kuingia kwenye hesabu rasmi kwa siku kadhaa, kwa kuwa data zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao kila ukurasa wake una nafasi ya safu-mlalo 65,536 na si zaidi. Muundo mpya una 1,048,576, lakini nafasi siyo kiini cha hoja yangu. Lahajedwali halikumwambia mtu kwamba limekataa kitu. Vivyo hivyo, mtu akiandika 13 badala ya 31 katika faili la ghala, au akifuta mstari kwa bahati mbaya, hakuna upande wa pili wa ingizo utakaopiga kelele. Mfumo wenye maingizo mawili, ambamo kila tukio huandikwa upande wa debiti na wa krediti, hauzuii uongo wala uzembe, lakini hauruhusu namba ipotee bila kuacha shimo linaloonekana.

Mwenye Karakana

Ninaendesha karakana ya samani na tulihama miaka mitatu iliyopita. Nitaeleza tulivyokosea, kwa sababu mwuliza swali ameomba makosa.

Kosa la kwanza lilikuwa siku. Muuzaji wetu alikuwa na nafasi katikati ya mwezi, nasi tukakubali kuanza katikati ya mwezi. Matokeo yake nusu ya mauzo ya mwezi huo ilikuwa kwenye mfumo wa zamani na nusu kwenye mpya, ulinganishi wa benki ulihitaji vyote viwili, na mwezi huo haujawahi kufungwa vizuri hadi leo. Anza siku ya kwanza ya mwaka wako wa hesabu, na ukishindwa, siku ya kwanza ya robo mwaka.

Kosa la pili liliniumiza zaidi. Madeni ya wateja tuliyaingiza kama jumla: mteja huyu anadaiwa kiasi hiki, mstari mmoja, basi. Kazi ilikamilika kwa mchana mmoja na sote tulifurahi. Lakini wateja hawalipi jumla, wanalipa ankara. Mteja wetu wa muda mrefu kuliko wote alikuwa amelipa ankara mbili kati ya tano na kurudisha viti vinne vilivyopasuka, na habari hizo zilikuwa kwenye daftari, hazikuwa ndani ya ile jumla. Isitoshe, jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu katika orodha ya zamani, nasi tuliihamisha orodha kama ilivyo, kwa hiyo alikuwa wateja watatu. Mwisho wa mwezi mfumo ulimtumia barua tatu za kudai fedha, mojawapo ikidai fedha alizokwisha kulipa. Alikuja mwenyewe ofisini akiwa na stakabadhi zetu ndani ya bahasha, akazipanga moja moja juu ya meza yangu bila kusema neno. Bado anatununulia, lakini sijaisahau bahasha ile.

Kwa hiyo ingiza kila ankara ambayo haijalipwa peke yake, na tarehe yake halisi na namba yake ya zamani, hata kama kazi hiyo itachukua wiki mbili. Na kabla ya hapo safisha majina. Bidhaa zako 2,300 nina hakika si 2,300. Ukizipanga kwa alfabeti utakuta kiungio kimoja kimeandikwa "elbow", "elibo" na "kiwiko", kila mmoja kwa mkono wa mtu wake.

Kosa la tatu ni kwamba mtunza stoo wetu hakuhusishwa katika uchaguzi. Tulikaa mimi, mhasibu na muuzaji, tukachagua. Miezi miwili baadaye nilipita stoo jioni nikamkuta ameinama juu ya daftari lake la zamani, anahamishia kwenye kompyuta kazi ya mchana kutwa, kwa sababu skrini ya kupokea mbao ilikuwa ikimdai ajaze sehemu kumi na moja huku dereva akipiga honi nje. Alikuwa hajatuambia kwa kuogopa kuonekana hajui kompyuta. Namba tulizokuwa tukiziona saa nane mchana zilikuwa za jana, na tulizifanyia maamuzi. Tuliondoa sehemu saba katika skrini ile, zikabaki nne, na daftari likafungwa wiki hiyo hiyo.

Msambazaji

Ninawashukuru sana, hasa Mwenye Karakana kwa kusema wazi. Nimekwenda kupanga orodha ya viungio kwa alfabeti kama ulivyoshauri, na sikumaliza hata herufi ya tatu kabla ya kukuta marudio kumi na manne.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Intaneti katika duka letu moja hukatika mara kwa mara; je, hilo linaniondolea mifumo yote ya mtandaoni? Tuendeshe mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja kwa muda gani? Na tatu, nani aone nini? Sitaki muuzaji wa dukani aone bei tulizonunulia, lakini pia sitaki kila ruhusa ipitie kwangu.

Mkaguzi wa Ndani

Nijibu hayo matatu kwa mpangilio wa kurudi nyuma, maana la ruhusa ndilo kazi yangu ya kila siku.

Kanuni ni kwamba mtu mmoja asiweze kukamilisha peke yake mzunguko mzima wa fedha au mali. Anayemsajili msambazaji mpya asiwe ndiye anayemlipa. Anayepokea mzigo asiwe ndiye anayeidhinisha ankara yake. Anayehesabu mali asiwe ndiye anayerekebisha idadi kwenye mfumo. Kwa watu kumi na tisa mgawanyo huo unawezekana, ila mfumo lazima uwe na uwezo wa kuulazimisha, na kila mtu awe na jina lake na nenosiri lake. Nenosiri moja la "duka" likitumiwa na watu wanne, ruhusa zote ulizozipanga zimekufa siku hiyo. Bei za manunuzi na faida kwa kila bidhaa zifichwe kwa muuzaji wa dukani. Mifumo mingi ya kiwango hicho inaweza, lakini usiamini mpaka uingie kwa jina la muuzaji huyo na kujaribu pia ripoti na faili linalopakuliwa, kwa sababu nimekuta mifumo inayoficha bei kwenye skrini na kuitoa bila kizuizi katika ripoti.

Kuna sehemu moja ambayo ningeiwekea kufuli kabla ya zote, nayo ni namba ya akaunti ya benki ya msambazaji. Ulaghai wa barua pepe inayosema "tumebadilisha benki, lipeni huku" umezigharimu biashara nyingi duniani. Badiliko hilo lihitaji watu wawili kwenye mfumo, na mmoja wao ampigie msambazaji kwa namba ya simu mliyokuwa nayo zamani, asitumie ile iliyomo katika barua.

Jaribu pia kufuta. Ingiza ankara, iidhinishe, kisha omba ifutwe. Mfumo unaofaa utakataa na kukutaka uandike ingizo la kurudisha, ili la kwanza na la pili yote yaonekane, na jina, saa na thamani ya kabla na baada vikihifadhiwa. Vilevile mwezi uliofungwa uwe umefungwa kweli. Kama mtu anaweza leo kuingiza mauzo yenye tarehe ya miezi mitano iliyopita na taarifa uliyokwisha kuipeleka benki ikabadilika, mkaguzi wako hatakuwa na pa kushika.

Kuhusu kuendesha mifumo miwili sambamba: ufungaji wa mwezi mmoja, na ukihitaji sana, miwili. Zaidi ya hapo watu wanachoka kuingiza kila kitu mara mbili, wanaanza kuacha upande mmoja, na tofauti mnazozitafuta zinakuwa tofauti za uchovu. Lengo la kipindi hicho ni moja: urari wa hesabu, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, wa mifumo yote miwili ulingane, salio kwa salio, na kila tofauti iwe na maelezo yaliyoandikwa.

Kuhusu intaneti, hapana, haikuondolei. Mifumo kadhaa ya mauzo ya dukani hufanya kazi bila mtandao na kutuma mauzo mtandao unaporudi. Swali la kumbana muuzaji ni hili: maduka mawili yako nje ya mtandao, kila moja linaamini pampu ya mwisho iko ghalani, na yote mawili yameiuza, mtandao ukirudi mfumo unafanya nini, na namba za ankara zinagongana au hazigongani? Jibu lolote lililo wazi linaweza kuishi na biashara yako. Ukisikia "haiwezi kutokea", muage kwa heshima.

Na ukichagua kuweka seva yako mwenyewe, weka nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, na kila robo mwaka rudisha nakala mojawapo kwenye kompyuta tupu uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini tu.

Msambazaji

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mhasibu na mtunza ghala mezani. Tumeamua kuunganisha uhasibu, ghala, manunuzi na mauzo, mishahara ibaki pembeni, na tuanze siku ya kwanza ya mwaka wetu wa hesabu, ambayo inatuachia miezi mitano ya kusafisha orodha. Vitabu vya hati za uhamisho vimekwisha kuchapwa na vinaanza kutumika Jumatatu.

Badala ya kuomba maonyesho mengine, tumechukua hati zote za mwezi uliotusumbua kuliko yote mwaka uliopita, zikiwamo pampu zilizorudishwa, ankara ya usafiri iliyochelewa na mteja aliyelipa nusu, tukaziweka katika boksi moja. Wauzaji wawili tumewaandikia kwamba tunataka siku mbili katika mazingira yao ya majaribio, na kwamba mtunza ghala wetu ndiye atakayekaa kwenye kibodi. Mmoja amekubali. Mwingine amejibu kwamba ni afadhali wataalamu wake watuingizie wenyewe, na tumemshukuru.

Kuhusu zile pampu tisa: tulipokuwa tunasafisha orodha tulikuta sita katika duka la pili, zimeingizwa kwa jina la kipimo kingine. Tatu bado hatujazipata. Nimemweleza mtunza ghala habari za zile sita mbele ya wenzake wote.